Elon Moreh: kilima kilichorudishwa na mlango uliofunguliwa

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Leo nawaletea kesi moja tu, maana naamini mwanasheria akiielewa hii, ramani ya Ukingo wa Magharibi, eneo la Wapalestina lililokaliwa na Israeli tangu 1967, itaanza kumsomekea.

Asubuhi ya tarehe 7 Juni 1979, walowezi wa Kiisraeli wakisaidiwa na jeshi, pamoja na helikopta na mitambo mizito, walipanda kilima cha kijiji cha Rujeib, karibu na Nablus. Kamanda wa jeshi wa eneo hilo alikuwa ametia saini amri ya kutwaa dunamu 700 hivi, kama ekari 170. Wenye mashamba walipata habari tingatinga zikiwa tayari zinachonga barabara.

Mahali pale pakaitwa Elon Moreh. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili analijua jina hilo: ni ule mwaloni wa More, huko Shekemu, alikofika Abramu katika Mwanzo 12. Kundi hilo la walowezi, lililotokana na Gush Emunim, vuguvugu la kidini la kuweka makazi ya Wayahudi, lilikuwa limejaribu mara kadhaa kuweka makazi karibu na Nablus tangu 1974. Menachem Begin aliposhinda uchaguzi mwaka 1977 na kuwa Waziri Mkuu wa Israeli, aliwaahidi kwamba zitakuwepo Elon Moreh nyingi.

Wanakijiji 17 wakaenda Mahakama ya Juu ya Israeli. Kwa hali ya kawaida wangeshindwa. Miezi michache tu nyuma, katika kesi ya makazi mengine, Beit El, serikali ilisema ardhi inahitajika kwa usalama, na mahakama ikakubali.

Safari hii mambo yalikwenda vingine, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Mkuu wa majeshi, Rafael Eitan, aliapa kwamba makazi yale ni ya lazima kwa ulinzi. Haim Bar-Lev, aliyewahi kushika cheo hicho hicho, akaapa kinyume chake. Waziri wa Ulinzi mwenyewe, Ezer Weizman, hakukubaliana na Eitan. Kisha walowezi nao wakaleta hati yao ya kiapo, wakasema wazi: tumekuja kwa agizo la Mungu, na tumekuja kukaa daima. Mimi nauheshimu ukweli ule, ingawa sikubaliani na walichokitenda. Ndio ulioifanya serikali ishindwe kesi. Kanuni za Hague za 1907, sheria za kimataifa za vita, zinaruhusu jeshi kutwaa mali ya mtu kwa mahitaji yake ya muda; makazi ya milele yatajengwaje juu ya ardhi iliyoazimwa?

Tarehe 22 Oktoba 1979 jopo lililoongozwa na Jaji Moshe Landau likafuta amri ile na kutoa siku 30 walowezi waondoke. Rujeib wakarudishiwa kilima chao.

Lakini hukumu ililinda ardhi ya watu binafsi tu. Serikali ikageukia ardhi ya umma, kwa kutumia Sheria ya Ardhi ya dola la Uthmaniya ya 1858, ambayo kwayo shamba lisilolimwa kwa miaka mitatu laweza kurudi kwa dola. Mkulima asiye na hati ndiye akabebeshwa mzigo wa kuthibitisha kwamba shamba ni lake. Mamia ya maelfu ya dunamu yalitangazwa kwa njia hiyo, na sehemu kubwa ya makazi yaliyofuata yakajengwa humo. Mwaka 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba makazi yote hayo yanakiuka sheria ya kimataifa. Israeli inayakataa maoni hayo.

Na Elon Moreh? Mapema 1980 ilihamishiwa mlima wa Jabal Kabir, kaskazini-mashariki mwa Nablus. Iko huko hadi leo, juu ya vijiji vya Azmut na Deir al-Hatab.