Bunduki ya upepo ya kutolea misumari: haivuti, inasukuma

REHEMA: Haya karibuni tena wapendwa, mko na mimi Rehema pamoja na fundi Chande kama kawa, na leo ni misumari tu. Mana ukichukua mbao za mapaleti, ukichukua mbao za nyumba iliyobomolewa, ukichukua zile zilizomwagiwa zege, zote kero yake ni moja. Sasa watu wameiona huko mtandaoni hii bunduki ya upepo ya kutolea misumari na swali lao ni moja, hivi inanyonya msumari au inafanyaje?

CHANDE: Hainyonyi. Hapo ndo wengi wanapochanganya, wanadhani kwa kuwa ni ya upepo basi inavuta. Hii inasukuma. Ina pua, yani bomba fupi la chuma lenye tundu, unaichomeka pua juu ya ncha ya msumari, ile ncha iliyotokeza upande wa pili wa ubao, unakandamiza, unavuta triga, ndani kuna pistoni inashushwa na upepo inagonga ile ncha, msumari unarudi ulikotoka na kichwa kinatangulia.

REHEMA: Kwa hiyo ni kinyume cha ile ya kupigia misumari.

CHANDE: Ndo hivyo. Tena ukienda Kariakoo ukasema tu bunduki ya misumari watakupa ile ya kupigia, kwa hiyo eleza vizuri unataka ya kutolea. Wamarekani wanazo za Nail Kicker, kuna na Air Locker AP700, hizo ndo utaziona sana kwenye video. Huku kwetu wengi wanaagiza.

REHEMA: Sawa, sasa nieleze kama mtu niko karakana, ubao wa paleti uko mbele yangu.

CHANDE: Ubao wa paleti wenyewe mwembamba, milimita 20 na kitu hivi. Unaulaza juu ya vigogo viwili au stuli mbili, ncha za misumari zinaangalia juu, vichwa vinaangalia chini, na chini unaweka ndoo. Usiulaze juu ya meza moja kwa moja mana kichwa kitakosa pa kutokea, utagonga weee ubao unapasuka. Unashika bunduki wima, sio upande, unakandamiza mpaka pua iguse mbao, triga, paa. Kwenye ubao mwembamba kama huo mara nyingi pigo moja unasikia msumari kwenye ndoo, ting. Mbao ikiwa nene au msumari una kutu, pigo la kwanza linatoa kichwa nje kidogo, unarudia, au unageuza ubao unamalizia na koleo.

REHEMA: Na nyundo ya makucha ingefanya hivyo hivyo, si ungegonga tu ncha kwa nyundo kichwa kikatoka?

CHANDE: Ungegonga, ndo tulivyozoea wote. Ila msumari wa paleti ni mwembamba, ukiugonga kwa nyundo nusu yake inapinda kabla haijarudi, sasa umepinda ukaanza kuunyoosha tena. Hapa ile pua imeushika pande zote, hauna pa kupindia. Alafu jambo kubwa kwangu mimi sio hata haraka, ni uso wa mbao. Ukitumia makucha lazima uchimbe uzame chini ya kichwa, unaacha jeraha la kidole kizima. Hii kichwa kinajitokeza chenyewe, unabaki na tundu dogo safi. Mtu anayeuza meza ya mbao kuukuu anauza ule uso, ukishauchimbachimba umeuza nini?

REHEMA: Hapo nakubali, wateja wangu wanapenda tundu la msumari, wanaona ndo ushahidi wa mbao ya zamani, ila alama ya mtarimbo hawaitaki kabisa.

CHANDE: Eeh.

REHEMA: Sasa semea na ubaya wake, mana tusije tukaonekana tunauza.

CHANDE: Ubaya upo. Kwanza unene. Hizi ndogo zilizozoeleka zinapokea msumari mpaka unene wa kama milimita 3 na nusu. Paleti nyingi zinaingia humo. Lakini mbao za zege za site, zile wanapiga misumari ya inchi 4, huo unafika milimita 4 na kitu, pua haiuingizi. Zipo bunduki kubwa za misumari minene lakini lazima uulize kabla hujatoa hela. Mimi nakwambia beba msumari wako mfukoni, ukiteleza kwenye pua bila kulazimisha, sawa, ukigoma achana nayo.

REHEMA: Na uliopinda?

CHANDE: Unyooshe kwanza, kwa nyundo au koleo, japo kidogo uingie kwenye pua. Na ule uliovunjikia ndani, ncha haionekani, hapo bunduki haina cha kushika, unarudi kwenye panchi na nyundo. Skurubu usiijaribu kabisa, skurubu inafunguliwa.

REHEMA: Na paleti nzima je? Mana kuna mtu anadhani ataishika paleti kama ilivyo aanze kuifyatulia.

CHANDE: Haiwezekani, ncha zote zimezama ndani ya vile vibonge vya mbao. Kwanza uvunje paleti. Chukua ile paleti ya Ulaya yenye chapa ya EPAL, ile ya sentimita 80 kwa 120, ina mbao 11, vibonge 9 na misumari 78. Sabini na nane kwa paleti moja! Ukiibandua kwa mtarimbo mbao zinapasuka ncha, mana misumari yake imesokotwa, inang'ang'ania. Wenye msumeno wa umeme wa bledi ndefu wanapitisha bledi kati ya ubao na kibonge wanakata misumari, ubao unatoka mzima na vipande vya misumari vimebaki ndani yake, na hivyo vipande ndo kazi ya hii bunduki sasa. Kipande kikiachwa kimetokeza hata kidogo tu, pua inakikamata.

REHEMA: Na vile vibonge?

CHANDE: Vibonge kuni. Mimi sihangaiki navyo.

REHEMA: Haha, haya. Kabla hujavunja lakini, angalia muhuri, hili nalisema kila siku sitachoka. Paleti ya kusafirishia nje ina muhuri wa alama kama suke, una herufi za nchi na herufi za dawa. HT ni ya kuchomwa joto, nyuzi 56 mpaka kwenye moyo wa mbao kwa dakika 30, hiyo chukua. MB ni gesi ya methili bromaidi, sumu ya kuulia wadudu, hiyo mimi siingizi dukani, sitaki kitanda cha mtoto wala meza ya jikoni kitoke kwenye MB. Na paleti iliyomwagikiwa vitu usivyovijua, ina madoa ya mafuta au inanuka dawa, hata kama ni HT iache.

CHANDE: Iache kweli. Sasa tuongee mashine ya randa, mana hapo ndo hela inapotea. Ukienda kwa wenye mashine na mbao kuukuu wanakuangalia vibaya, na wana haki, visu vya randa vikikutana na msumari mmoja vinapata pengo, na kuanzia hapo kila mbao inayopita, hata ya mteja mwingine, inatoka na mstari umesimama kama mshono. Kunoa kisu mpaka pengo liishe unakula chuma kingi. Kwa hiyo wengine wanakukatalia, wengine wanakwambia kisu kikiharibika unalipa wewe.

REHEMA: Na ukishatoa misumari kwa bunduki bado uhakika haupo.

CHANDE: Haupo hata kidogo. Bunduki inatoa unaouona. Kuna vipini vidogo, kuna stepo za lebo, kuna msumari ulikatika kichwa miaka hiyo mbao ikajifunika. Pitisha sumaku yenye nguvu, ile ya kwenye spika kubwa iliyokufa inatosha, itembeze polepole juu ya ubao pande zote, ikivutwa popote weka chaki. Mwenye uwezo anunue kile kifaa cha kulia kikiona chuma. Na ukiona weusi umezunguka sehemu kwenye mninga au mvule, mbao ikikutana na chuma na unyevu inapiga weusi, chimbua hapo.

REHEMA: Mvule nao una mawe yake ndani, usije ukamsingizia msumari.

CHANDE: Ule ni mtihani mwingine kabisa dada, lile jiwe sumaku hailioni!

REHEMA: Kompresa je, ile mashine ya kujaza upepo, mtu anahitaji likubwa?

CHANDE: Hapana, hii sio kama grenda ya upepo inayokunywa hewa muda wote, hii inakunywa kidogo kila ukivuta triga. Presha kati ya psi 80 na 120, yani bar 6 mpaka 8, kile cha lita 24 kinafanya kazi, cha lita 50 unakuwa na raha zaidi. Maseremala wengi tayari wana kompresa ya kupulizia vanishi, hiyo hiyo. Ila angalizo, bunduki inataka matone mawili matatu ya mafuta kwenye mdomo wa upepo kabla ya kazi, na yale mafuta yakibaki kwenye mpira alafu kesho ukaunga bastola ya vanishi kwenye mpira huo huo, meza yako inatoka na vishimo vishimo, vanishi inakimbia mafuta. Weka mpira wa bunduki na mpira wa vanishi, mbali mbali. Na sisi wa pwani unyevu mwingi, fungua ile koki ya chini ya tenki kila jioni maji yatoke.

REHEMA: Na usalama, wewe una tabia ya kufanya kazi na kandambili.

CHANDE: Niache bana. Ila ukweli usemwe, msumari unatoka huku una mwendo, usimweke mtu upande wa vichwa, na msaidizi asishike ubao kwa chini. Miwani lazima, masikio uzibe mana ule mlio ni mkali, na viatu, haya viatu, nimesema. Unabadilisha kitu au unatoa msumari uliokwama kwenye pua, chomoa mpira wa upepo kwanza.

REHEMA: Na chanjo ya pepopunda iwe hai, wenye mbao kuukuu wote. Sasa mwisho, inalipa? Mana mimi nikiwa na kijana ana nyundo na subira, umeme ukikatika yeye hakatiki.

CHANDE: Ukiwa na mbao kumi za rafu yako nyumbani, kijana na nyundo, usinunue kitu. Ukiwa unapokea mapaleti kila wiki, mimi nanunua. Ukiwa mtu wa mbao za zege za site, misumari ya inchi 4, endelea na mtarimbo, na ile misumari wanaonyoosha kupigia tena wanaitaka, usiwaharibie.

REHEMA: Mimi bado ningebaki na kijana kwa mbao za nyumba za zamani, zile za mninga, mana kila msumari una tabia yake.

CHANDE: Hapo hatugombani, mninga mkavu wa miaka mingi bunduki ndogo inadunda tu.

REHEMA: Na matundu, unaziba au unaacha?

CHANDE: Juu ya meza ya kulia chakula naziba, makombo yanaingia humo yanaleta sisimizi. Unachukua unga wa msasa wa mbao ile ile, sio ya jirani, unachanganya na gundi nyeupe, unajaza uvimbe kidogo, ukikauka unapiga msasa. Ukutani au kwenye rafu naacha wazi.

REHEMA: Mimi hata mezani naacha, namwaga epoksi nyeusi kwenye tundu, linaonekana kama kitone. Mwenye swali la epoksi atuandikie, tutaifanyia kipindi chake.