Uvimbe wa Adrenali na Kotisoli Isiyolala

Ndugu wasikilizaji, uvimbe nitakaouzungumzia aghalabu hugunduliwa na watu wasioutafuta. Mgonjwa anapigwa picha ya CT kwa sababu ya mawe ya figo, na ripoti inarudi na mstari mmoja wa ziada: tezi ya adrenali ya kushoto, ile tezi ndogo iliyo juu ya figo, ina uvimbe wa sentimeta 2. Anaambiwa si saratani, na faili linafungwa. Linafungwa mapema mno.

Suala la saratani picha hulijibu vizuri. Ikiwa CT imepigwa bila dawa ya mshipani, uvimbe ukawa na rangi moja kote na kipimo cha Hounsfield, kinachoonyesha msongamano wa tishu kwenye CT, 10 au chini, hiyo si saratani. Lakini hakuna picha itakayokuambia kama uvimbe huo unamwaga homoni.

Kwa kawaida tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hutuma homoni ya ACTH kuiamuru adrenali itoe kotisoli, homoni ya mwili ya kukabili msongo, na adrenali ikatii. Kotisoli hupanda alfajiri na kushuka sana usiku wa manane. Uvimbe unaojitawala haungoji amri. Hata kama kiasi cha siku nzima hakijazidi sana, usiku kotisoli haishuki, na madhara hutokea humo. Ini linaendelea kutengeneza sukari wakati mtu amelala, misuli inakuwa sugu kwa insulini, mafuta yanajaa tumboni, shinikizo la damu linapanda, mifupa inapungua uimara. Mgonjwa hana uso wa mviringo wala michirizi ya zambarau tunayoifahamu kwenye ugonjwa wa Cushing, yaani kotisoli iliyozidi kupita kiasi. Ana kisukari na presha tu, kama watu wengine wengi, ndiyo maana hakuna anayeishuku adrenali.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Mgonjwa anameza miligramu 1 ya deksamethasoni, dawa inayofanana na kotisoli na inayoifanya pituitari iache kutuma ACTH, saa 5 usiku, kisha anatolewa damu kati ya saa 2 na saa 3 asubuhi. Adrenali yenye afya huwa imenyamaza: kotisoli haizidi nanomoli 50 kwa lita, yaani mikrogramu 1.8 kwa desilita. Ikizidi, rudia kipimo, kisha pima ACTH ya asubuhi. Ikiwa chini, kotisoli inatoka kwenye adrenali yenyewe.

Majibu yanapotoka ya uongo, mara nyingi chanzo ni maandalizi. Vidonge vya estrojeni huongeza protini inayobeba kotisoli kwenye damu, hivyo namba inapanda bila ugonjwa. Viachwe wiki 6 kabla, kwa ushauri wa daktari. Rifampisini ya kifua kikuu, na fenitoini na kabamazepini za kifafa, hulifanya ini liivunje deksamethasoni haraka, na asubuhi inakuwa haikufanya kazi. Anayefanya kazi zamu za usiku saa yake ya mwili imegeuka. Wengine husahau tu kumeza kidonge. Maabara ikiweza, ipime deksamethasoni kwenye damu ileile. Hapo ubishi unakwisha.

Uvimbe ukizidi Hounsfield 10, pima metanefrini, yaani mabaki ya adrenalini mwilini, kwanza, kabla ya sindano au kisu chochote. Uvimbe unaotoa adrenalini ukiguswa bila maandalizi unaweza kumuua mgonjwa mezani.

Si kila mwenye kotisoli ya ziada atapasuliwa. Anayefaidika zaidi ni mwenye uvimbe upande mmoja, na kisukari au presha inayozidi kumsumbua licha ya dawa. Baada ya upasuaji, tezi ya pili iliyozoea kukaa bila kazi inaweza kuchukua miezi kadhaa kuamka. Apewe haidrokotisoni, yaani kotisoli ya dawa, asiiache ghafla. Akipata homa, dozi iongezwe mara mbili. Akitapika asiweze kumeza, anahitaji sindano ya haidrokotisoni miligramu 100 mara moja na kwenda hospitali. Na sukari ipimwe kila siku wiki hizo za mwanzo, maana insulini iliyokuwa haitoshi kabla ya upasuaji inaweza sasa kuishusha sukari kupita kiasi.