Tope na Jivu la Olduvai

Walimu wenzangu, wakubwa shikamooni, na wengine habari za asubuhi.

Kila mwaka wengi wenu mnawapeleka wanafunzi Olduvai, au Oldupai kama Wamasai wanavyoliita korongo lile kwa jina la mkonge pori unaoota pale. Watoto wanasimama ukingoni, wanaonyeshwa mahali Mary Leakey alipoliona fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, mwaka 1959, wanapiga picha, wanarudi kwenye basi. Leo sitazungumzia fuvu. Nitazungumzia tope lililolilaza na jivu lililolifunika, kwa sababu bila viwili hivyo fuvu lile lingebaki mfupa tu, halina umri wala makazi.

Hapa mezani nina glasi mbili za maji. Hii natia donge kavu la udongo mweusi wa mbuga. Hii nyingine natia donge la kaolini ya Pugu, pale nje ya Dar es Salaam. Tuangalie pamoja. Lile la mbuga linameguka pembeni, linafura, linazidi kutanuka. Hili la Pugu limetoa mapovu machache, limelainika, limetulia chini. Halikufura. Vyote viwili ni udongo mfinyanzi, chembe zake hazifiki maikromita 2, wala ukizisugua kwa vidole hutazitofautisha. Tofauti imo ndani ya chembe. Kila chembe imepangwa kurasa kwa kurasa kama daftari. Katika kaolinaiti, madini ya Pugu, kila ukurasa una unene wa nanomita 0.7 na umeng'ang'ania mwenzake, maji hayapati pa kupenya. Katika smektaiti, madini yanayotawala mbugani, kurasa zimeshikana kilegelege. Maji yanaingia katikati, na umbali wa ukurasa hadi ukurasa unatoka karibu nanomita 1 hadi 1.5. Aliyejenga mbugani anaijua habari hii kwa kuta zake: masika ardhi inafura, kiangazi inasinyaa, na ufa unarudi palepale ulipozibwa.

Maabara huupima umbali huo kwa eksirei. Kisha sampuli hupewa glaikoli, kimiminika kile kile cha kwenye rejeta za magari. Ikitanuka hadi nanomita 1.7, basi ni smektaiti.

Turudi korongoni. Karibu miaka milioni 2 iliyopita pale palikuwa na ziwa. Maji yalishuka kutoka nyanda za volkano za Ngorongoro, yakaingia, yasipate mto wa kuyatoa. Yaliondoka kwa jua peke yake, kama yanavyoondoka leo katika ziwa Natron. Mnajua ziwa la namna hiyo linaishia kuwa nini: magadi. Mvua zikipungua, chumvi inakolea, na magnesi iliyomo majini inaanza kuingia ndani ya udongo wenyewe, ikikaa mahali ambapo alumini ingekaa. Kwa hiyo udongo uliokomaa ndani ya ziwa kali una magnesi nyingi, na ule wa miaka ya mvua, au wa ufukweni karibu na chemchemi, una kidogo. Mtaalamu anachukua sampuli toka chini kupanda juu, anapima magnesi kwa alumini, na mbele yake linajitokeza ziwa likijaa na kukauka, likijaa tena na kukauka tena. Mimi kazi hii naiheshimu kuliko hata ya kuokota mifupa. Mfupa unakueleza nani alikuwepo. Tope linakueleza kama siku ile alipata maji ya kunywa.

Lakini tope halina tarehe. Sehemu yake ilizaliwa ziwani, sehemu ilisombwa na mito kutoka kwenye miamba iliyokuwapo zamani zaidi. Ukipima umri wa mchanganyiko huo, unapata namba isiyo ya yeyote.

Hapo ndipo jivu linapohitajika. Volkano kama Olmoti ilipolipuka, jivu lake lilipeperushwa na upepo likatua bondeni, nchi kavu na ziwani, kwa muda mfupi mno. Ndani yake mna punje za feldispa, madini yenye potasiamu. Potasiamu-40 inaoza taratibu sana, nusu yake kwa miaka bilioni 1.25, na sehemu ndogo ya inayooza, kama moja ya kumi, inageuka gesi ya agoni. Kwenye moto wa volkano agoni ya zamani inatoka yote, saa inaanza upya, na fuwele ikishapoa agoni mpya inabaki imefungiwa. Unahesabu iliyomo, unapata umri.

Jivu nalo linabadilika. Kioo cha volkano kilichomo ndani yake ni dhaifu mbele ya maji. Kwenye maji baridi huelekea kuwa smektaiti. Kwenye magadi huwa madini yaitwayo zeolaiti, mfano filipsaiti na chabazaiti. Richard Hay, mwanajiolojia aliyeisoma Olduvai kwa miaka mingi, alionyesha kwamba tabaka moja la jivu laweza kuwa na madini tofauti ufukweni na katikati ya ziwa. Hata feldispa mpya huota ndani ya magadi, nayo saa yake ni ya kuchelewa. Anayepima umri hana budi kuchagua zile zilizotoka volkanoni, moja moja, chini ya hadubini.

Louis Leakey, mume wa Mary, alilikadiria fuvu lile kuwa la miaka kama 600,000. Mwaka 1961 kipimo cha potasiamu na agoni kikatoa milioni 1.75. Vipimo vya siku hizi vinakaribia milioni 1.84.

Mwaka huu mkifika eneo lile linaloitwa FLK, lilipopatikana fuvu, msiishie kwenye mnara wa kumbukumbu. Mwonyesheni mtoto ukuta wa korongo ulio karibu. Fuvu lilikuwa kwenye udongo mfinyanzi, na juu yake likatua jivu ambalo sasa limeganda kuwa mwamba, linaloitwa Tufu IC. Jirani na hapo watafiti wamekuta mabaki ya chemchemi ya maji baridi, pembeni mwa ziwa la magadi.

Asanteni. Njooni mezani, lile la mbuga sasa limejaza nusu ya glasi.