Mshale wa Spidi Umelala: Usinunue Sensa Kwanza

SALMA: Karibuni kipindini. Leo tuna pikapu ambayo mshale wa spidi umelala kwenye sifuri, au unachezacheza, au unasoma uongo. Fundi Kassim, wengi hapa hukimbilia kununua sensa, yaani kihisi kinachopima spidi.

KASSIM: Wanaifunga, na mshale hauamki. Kabla hujashika spana, tazama odomita, yaani kihesabu kilomita. Kilomita zikiongezeka huku mshale umelala, taarifa inafika dashibodi, kwa hiyo ugonjwa uko kwenye saa ya spidi yenyewe. Vikifa vyote viwili kwa pamoja, ndipo ushuke kwenye giaboksi.

SALMA: Na geji ya mafuta na ya joto zikiwa zimekufa pia?

KASSIM: Fyuzi ya dashibodi, au ethi yake, yaani waya unaoiunganisha na bodi ya gari. Usiingie hata chini ya gari.

SALMA: Sasa tutenganishe, maana pikapu za zamani zinatumia kebo.

KASSIM: Ndiyo. Nyuma ya giaboksi, karibu na propela, yaani mhimili unaopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, kuna kigia cha plastiki kinachozungusha waya ulio ndani ya kebo. Huo waya unazungusha sumaku nyuma ya saa, na sumaku inavuta kikombe cha alumini bila kukigusa. Kikombe ndicho kilichoshika mshale, na kuna springi nyembamba sana inayourudisha. Ukiona mshale unatetemeka mwendo mdogo kisha unatulia ukiongeza mwendo, usiilaumu saa. Waya umekauka grisi, au kebo imepita kona kali. Unanasa, unajisokota, kisha unajiachia kwa ghafla.

SALMA: Dawa yake?

KASSIM: Chomoa waya wote, ufute, uuviringishe polepole kwenye vidole. Nyuzi zilizokatika utazisikia zinachoma, na waya wa hivyo ni wa kutupa. Ukiwa mzima, paka grisi nyepesi, lakini sentimita 20 za juu uziache kavu. Grisi ikipanda hadi kwenye saa, kikombe kitang'ang'ania na mshale utasoma juu. Halafu ipangie kebo njia yake upya. Mkunjo wowote uwe na nusu kipenyo kisichopungua sentimita 15.

SALMA: Niongeze hapo. Kigia kikiwa kimenyolewa meno, usifunge kipya kabla hujahakikisha kebo inazunguka kwa uhuru. Mara nyingi kebo iliyokwama ndiyo iliyokiua, na kipya kitafuata njia hiyo hiyo.

KASSIM: Na saa unaipima kwa kuizungusha kwa drili. Pikapu nyingi za Kijapani, kebo huzunguka mara 637 kwa dakika gari likienda kilomita 60 kwa saa. Kwa hiyo drili ya mizunguko 1,000 kwa dakika iupeleke mshale karibu na 94. Mshale ukijibana kwenye sifuri, unazungusha kinyume, geuza.

SALMA: Twende kwenye sensa. Hapa ndipo pesa hupotea.

KASSIM: Hesabu waya kwanza. Zikiwa tatu, moja ni umeme, moja ni ethi, moja ni ishara. Chomoa plagi ya sensa, washa swichi bila kuwasha injini. Utafute volti 12 kwenye waya wa umeme. Baadhi ya magari ni 5. Waya wa ishara nao, kwa magari mengi, utaonyesha 5 au 12 zinazotoka dashibodi au kwenye kompyuta. Ukikuta sifuri hapo, sensa mpya haitasaidia kitu, fuata waya kwanza.

SALMA: Ethi watu huisahau.

KASSIM: Rudisha plagi, weka mita kati ya pini ya ethi na hasi ya betri. Ikizidi volti 0.1, kuna kutu au skrubu imelegea mahali. Sasa pima ishara kwa nyuma ya plagi huku mwenzako anazungusha propela kwa mkono. Volti zishuke karibu na sifuri, zipande, zishuke tena. Zikiganda, toa sensa, uiache kwenye plagi, uzungushe kijiti chake kwa vidole. Zikianza kucheza, sensa ni nzima. Kigia ndicho kimekwisha.

SALMA: Si zote zina kijiti, zingine husoma meno ya chuma moja kwa moja. Hizo utazame ncha: sumaku yake hukusanya unga wa chuma na ishara inavurugika. Futa, badilisha oringi, ile pete ya mpira, rudisha.

KASSIM: Na za waya mbili hujizalishia umeme wenyewe. Pima kwa volti za AC, yaani umeme unaobadilika mwelekeo. Ziongezeke kadiri mzunguko unavyoongezeka. Kwa mkono utapata kidogo sana, kwa hiyo huwa inabidi kuzungusha magurudumu kwa injini.

SALMA: Hapo nisimame. Magurudumu yote mawili ya nyuma juu, ekseli ikae kwenye stendi na si kwenye jeki, ya mbele yawekewe vizuizi, na gia ya 4x4 iwe 2H, yaani nguvu iende magurudumu ya nyuma tu. Ikiwa gari ni la 4x4 ya muda wote, usilijaribu hivyo kabisa. Magurudumu ya mbele yanaweza kuliondoa kwenye stendi.

KASSIM: Ukiwa na skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, umepunguza kazi. Soma spidi ya moja kwa moja gari likitembea. Skana ikisoma 60 na mshale uko sifuri, fungua dashibodi. Mara nyingi ni kimota kidogo kinachosukuma mshale, na hubadilishwa peke yake kwa kuchomelea risasi. Skana ikisoma sifuri na kutoa kodi P0500, yaani namba ya hitilafu, hiyo kodi inasema tu kompyuta haioni spidi. Haijasema sensa imekufa.

SALMA: Pikapu mpya nyingi hazina hata sensa kwenye giaboksi. Spidi inatoka magurudumuni, kwenye sensa za ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasigande ukifunga breki, kwa hiyo taa ya ABS ikiwaka pamoja na mshale kulala, anza huko. Na mshale unaosoma pungufu bila kutetemeka?

KASSIM: Tairi. Kutoka 245/70R16 kwenda 265/75R16 kipenyo kinaongezeka takriban asilimia 7, kwa hiyo saa ikionyesha 100 unakwenda kama 107. Linganisha na GPS kwenye barabara iliyonyooka, mwendo usiobadilika. Saa kuzidi kidogo ni kawaida, kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39 inaruhusu. Isichoruhusu ni kusoma chini ya mwendo halisi.