Mangi, Nitue!

Ahsanteni, kaeni. Leo neno letu ni kutuliza. Walionisikia Arusha wanajua naanzia wapi, nao wanivumilie.

Asubuhi hii nimepita soko la Mbuyuni. Mama mmoja kashuka na mkungu wa ndizi mshare kichwani, ngata imeshakaa upande, shingo imekakamaa. Kaniona: "Mangi," jina la heshima la Kichaga, "nitue!" Nikashika upande mmoja, yeye akakunja magoti, tukaushusha polepole, maana ukiubwaga ndizi zinachubuka na wateja wanapata sababu ya kushusha bei. Akashusha pumzi ndefu. Akaikunjua ngata, kumbe ni kipande cha khanga, akajifutia jasho. Hapo ndipo alipotulia.

Tua, tulia, tuliza. Mzigo umetua, mwenye mzigo katulia, na aliyeshika upande wa pili ndiye aliyemtuliza. Humo humo ndimo kilimotoka kituo: cha daladala, cha afya, na hata ule mstari wa mwisho wa ubeti.

Sasa mtu mzima ananiambia, "Mwalimu, kutuliza si ni kunyamazisha tu?" Nani kakudanganya? Mtoto kaanguka, goti linavuja damu, unamfokea "Tulia!" huku kidole kiko puani mwake. Umemtua nini? Umemwongezea! Msibani ndiyo usiseme: mjane analia, watu wanane wanamwambia "jikaze", hakuna hata mmoja aliyemshika mkono.

Haya, nawasikia huko nyuma: "Na Kikosi cha Kutuliza Ghasia?" Swali hili halinikosi. Bomu la machozi linatawanya watu, kila mmoja anakimbia na mzigo wake kichwani. Ila jina ni lao, mimi leo nataka kulala kwangu.

Watangazaji wa mpira ndio wanaonikosha. "Ameutuliza kifuani!" Mwangalieni huyo mchezaji: mpira unakuja kwa kasi, naye anarudisha kifua nyuma kidogo, anaupokea, unamdondokea mguuni. Angekikaza, ungedunda ukaenda kwa adui. Sijawahi kupata mfano mzuri zaidi ya huo darasani.

Dawa ya kutuliza maumivu nayo inasema kweli: haikuahidi kuponya.

Nilikuwa na maneno mengine: bembeleza, ndugu yake bembea, na liwaza, na poza, ila mwenyekiti ananionyesha saa kwa mara ya tatu. Basi, bembeleza ingoje. Swali moja tu, na lisiwe la mabomu.