Tanasi: Kimeng'enya Kinachoondoa Ukakasi

RASHIDI: Karibuni tena wasikilizaji. Mimi ni Rashidi, na pembeni yangu yupo dada Mwanaidi, ambaye miaka mingi amekuwa akifuga kuvu maabara. Dada, leo umetuletea kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia, kinaitwa tanasi. Tuanzie wapi?

MWANAIDI: Tuanzie mdomoni, kaka Rashidi. Chai ikikaa sana na majani yake halafu ukainywa, ulimi unakuwaje?

RASHIDI: Ukakasi mtupu. Ulimi unakauka, unakwaruza.

MWANAIDI: Hiyo ni tanini. Mate yana protini zinazoufanya ulimi uteleze. Tanini inazidaka, zinagandamana, utelezi unaisha. Kwa mmea hiyo ni silaha: anayekuja kuutafuna, protini zake nazo zinadakwa. Ila wapo kuvu na bakteria wanaojua kuivunja silaha hiyo, na chombo wanachotumia ndicho hiki, tanasi.

RASHIDI: Inavunja wapi hasa?

MWANAIDI: Chukua asidi ya taniki, ambayo ni tanini mojawapo. Katikati ipo glukosi, na pembeni imezungukwa na vipande vya asidi ya galiki. Katika ile molekuli inayochorwa vitabuni, vipande ni 10. Vyote vimeshikiliwa na vifungo vya esta, aina ya viungo vya kikemia ambavyo maji yanaweza kuvifungua. Tanasi hutumia maji kukata: kifungo kimoja, molekuli moja ya maji, kipande kinadondoka. Ikimaliza kazi unabaki na glukosi 1 na asidi ya galiki 10.

RASHIDI: Jambo hili lilijulikana lini?

MWANAIDI: Asidi ya galiki yenyewe ilitengwa na mkemia Carl Wilhelm Scheele mwaka 1786. Lakini kwamba kuna kiumbe kinachoitoa kwenye tanini, hilo tunamshukuru Mfaransa Philippe van Tieghem, mwaka 1867. Mmoja wa kuvu wake alikuwa Aspergillus niger, yule ukungu mweusi, na mpaka leo ndiye tunayemkimbilia kwanza.

RASHIDI: Tuseme mimi nina udongo, nataka kujua kama humo yumo kuvu mwenye tanasi. Nafanyaje?

MWANAIDI: Hapo ndipo ninapopapenda. Unatengeneza sahani ya agari, ule ute unaoganda wa kuoteshea vijidudu, yenye asidi ya taniki. Tanini ikikutana na protini za chakula kilichomo, sahani inakuwa na utando kama maziwa. Unapanda, unasubiri siku mbili tatu. Koloni, yaani kundi la kuvu lililoota pamoja, yenye tanasi inazungukwa na duara angavu, unaona hadi upande wa pili. Tanini ya pale imeshakatwa, utando umeyeyuka.

RASHIDI: Kumbe unaona kwa macho tu!

MWANAIDI: Kwa macho. Lakini nikuambie kilichonitesa mwanzoni. Nilitia asidi ya taniki pamoja na kila kitu ndani ya otoklevu, chungu cha mvuke cha kuulia vijidudu. Joto lile linaivunja tanini yenyewe. Wiki nzima nilisoma maduara yasiyo na maana, nikakaribia kuwatupa kuvu wazuri. Asidi ya taniki unaichuja kwa chujio laini la kuzuia vijidudu, unaitia mwishoni agari ikishapoa kidogo. Anayeanza kazi hii leo alishike hilo kabla ya lolote.

RASHIDI: Tumeshampata kuvu. Kumzalisha kwa wingi je?

MWANAIDI: Njia ni mbili. Ya kwanza ni tangi la kimiminika, linakorogwa na kupuliziwa hewa. Joto na asidi unavidhibiti vizuri. Ya pili ni uchachushaji mkavu: pumba za ngano zilizoloweshwa kiasi, zinashikana ukizifinya lakini hazichuruziki maji, kisha unanyunyizia spora, yaani mbegu za kuvu. Ndani ya siku chache pumba zimefungamana na nyuzi nyeupe, halafu zinaanza kuwa nyeusi.

RASHIDI: Wewe unachagua ipi?

MWANAIDI: Pumba, bila kusita. Ndani ya tangi, Aspergillus mara nyingi anaibania tanasi mwilini, hasa siku za mwanzo, na inabidi uwasage kuvu ndio uipate. Juu ya pumba anaitoa nje. Unalowesha kwa maji au bafa, kimiminika kinachozuia kiwango cha asidi kisibadilike, unakamua, unachuja, kimeng'enya kiko mkononi. Tatizo lake ni joto: rundo likiwa nene, katikati panachemka na kuvu wanakufa. Utandaze mwembamba.

RASHIDI: Na tanini lazima iwepo?

MWANAIDI: Kwa kuvu wengi, ndiyo, ndiyo inayowaamsha watengeneze. Ukizidisha lakini, inazidaka protini za kuvu mwenyewe na ukuaji unasimama. Na usichelewe kuvuna. Kuvu akizeeka anatoa vimeng'enya vya kula protini, na tanasi nayo ni protini.

RASHIDI: Haya, turudi kwenye chai. Ile inayouzwa baridi kwenye chupa?

MWANAIDI: Chai kali ikipoa inachafuka, haionyeshi tena upande wa pili. Katekini, kemikali za majani ya chai, zile zenye vipande vya galiki zinashikana na kafeini na wenzake, zinajitenga na maji. Tanasi inakata vipande hivyo, chai inabaki angavu, ukakasi unapungua. Ila asidi ya galiki iliyoachiliwa inaongeza ukali wa asidi, kwa hiyo mtengenezaji asiyeirekebisha anapata ladha nyingine kabisa. Juisi na bia zenye tatizo la kuchafuka nazo hunufaika.

RASHIDI: Na asidi ya galiki yenyewe?

MWANAIDI: Kwangu hiyo ndiyo mali kubwa. Kutokana nayo hutengenezwa trimethoprimu, dawa ya kuua bakteria, na propili galeti, inayozuia mafuta yasichache. Njia ya zamani ni kuichemsha tanini na asidi kali. Tanasi inafanya kazi hiyohiyo kwenye joto la kawaida, bila mabaki makali ya kumwaga.

RASHIDI: Wafugaji wananiuliza: mtama wenye tanini nyingi, tuutilie tanasi?

MWANAIDI: Hapo nataka niseme wazi, maana watu wanatumia fedha bure. Tanini za mtama ni za aina nyingine, zimeungana kaboni kwa kaboni, na tanasi haina pa kukata. Kwanza wajue malisho yao yana tanini gani. Zikiwa zile za galiki, kuna matumaini. Hata koala, mnyama wa Australia anayeishi kwa majani ya mkaratusi, ana tumboni bakteria Streptococcus gallolyticus, wa kuzikata. Kwa mtama, watafute mbegu zenye tanini kidogo.