Jina Lako Juu ya Makala

Hamjambo, wenzangu wa uzamili na uzamifu. Jua la Kisumu limeshawaka, nitasema machache kuhusu kutumia akili unde (AI) katika utafiti.

Nianze na panya. Februari 2024, jarida la Frontiers in Cell and Developmental Biology lilichapisha makala yenye mchoro wa panya dume mwenye sehemu za siri kubwa kumshinda mwenyewe, na kando yake maneno yasiyo ya lugha yoyote. Mnacheka. Nje huko pia walicheka, na baada ya siku chache makala ikaondolewa. Lakini waandishi wale hawakuficha kitu: walisema wazi kwamba michoro ilitengenezwa kwa Midjourney, zana ya akili unde ya kuchora picha. Mhakiki mmoja hata aliitilia shaka, asijibiwe. Kwa hiyo msije mkaniambia, "Mwalimu, mimi nimetangaza." Ukitangaza umetaja tu nani alisonga ugali. Kama umeiva, hilo ni suala jingine.

Ndiyo maana tangu 2023 COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji, inakataa akili unde kuwekwa kama mwandishi. Mwandishi huitwa, akaja kujibu; mashine haiwezi.

Marejeo nayo. Zana za akili unde za kuandika hutabiri neno linaloelekea kufuata jingine. Ukiomba marejeo kuhusu magugumaji ya Ghuba ya Winam, hapa Ziwa Victoria, zaweza kukupa mtafiti wa kweli, jarida la kweli, mwaka na kurasa, kwa makala ambayo haikuwahi kuandikwa. Ifungue kila moja uisome. Usipoipata, ifute.

Linaloninyima usingizi, lakini, ni mahojiano yenu. Mama muuza samaki amekueleza kwa Dholuo habari za jaboya, jinsi mvuvi anavyodai mwili wake kwanza ndipo amuuzie samaki. Alifunguka kwa sababu fomu ya ridhaa ilimwambia maneno yake yatabaki kwako na kwa msimamizi wako. Usiku umechoka, unanakili yote, jina la ufuo, umri wake, watoto wangapi, unayabandika kwenye roboti ya bure ya akili unde ikutafsirie. Yamekwenda wapi? Hujui, na yeye hakukuruhusu. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, ila mimi hata sifiki huko. Namfikiria yule mama. Mswada wa mwenzako uliotumiwa uuhakiki ni vivyo hivyo: si wako, usiubandike popote.

Naona mkono kule nyuma. Eeh, dada. Anauliza: Kiingereza kinampiga chenga, je, kuiomba akili unde ikisahihishe ni kosa? Si kosa. Majarida mengi ya tiba yanataka msaada wa lugha utajwe kwenye shukrani. Kama chombo kilichanganua data au kuchora picha, kitajwe kwenye mbinu za utafiti. Halafu, dada, linganisha sentensi kwa sentensi. Uliandika "huenda", inakurudia "imethibitika", na wewe ulihoji wavuvi 12.